Aliyekitoa Kibao

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Kikohozi kimeisha, na lile dari nililokuandikia kwamba linavuja halivuji tena, au labda mvua imechoka. Mama niliongea naye kwa simu ya jirani yenu, akasema kifua kimetulia, ila wewe unamlazimisha kulala mchana kama mtoto wa chekechea. Endelea kumlazimisha. Ningekupigia na wewe, lakini wewe na simu mmekosana tangu sikio lako ligome, na kusema kweli hili nililonalo ni la kuandika.

Nimepandishwa kazi bila kupandishwa kitu kingine chochote. Unajua mimi ni karani wa mahudhurio hapa kiwanda cha sabuni: nani kaingia, nani katoka, nani kachelewa na amekuja na uongo gani leo. Sasa wamegundua kwamba katika jengo zima anayeandika Kiingereza kinachosomeka ni mimi, na lawama hizo ni zako. Mwezi uliopita fundi mmoja aliumia kazini. Makao makuu yako nchi nyingine na huko wanasoma Kiingereza tu. Wafanyakazi wameandika maelezo yao kwa Kiswahili, mimi nayatafsiri, kisha natengeneza muhtasari wa ukurasa mmoja. Huo muhtasari ndio utakaosomwa. Mengine yatalala kwenye faili.

Swali langu ni la darasani. Sentensi ikiwa na wanaume wawili, halafu mbele ikaja "he", kwa sheria huyo "he" ni nani? Ni yule aliyetajwa kwanza au yule aliye karibu? Na mwandishi asiposema, je, ni kosa, au ni jambo ambalo msomaji anaachiwa mwenyewe?

Nauliza kwa sababu msimamizi wetu alisimama nyuma yangu jana. Tunamwita Dakika Moja, maana kwake kila kitu ni dakika moja tu. Alisoma sentensi yangu, akasema, "Iache hivyo hivyo. Wataelewa wenyewe." Leo asubuhi nimekuta ameniletea kiti kipya chenye magurudumu. Miaka mitatu nimekalia kiti chenye mguu mmoja mfupi na hakuna aliyeona.

Mama usimwambie habari ya ajali. Atadhani aliyeumia ni mimi.

Mpwa wako,
Karani


19 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, tena mara mbili, maana barua yako imenikuta nimekaa bure. Mama yako hajambo. Analala mchana kwa amri yangu na anaamka kwa hasira zake. Juzi ametembea hadi kwa mshonaji na kurudi bila kupumzika njiani, nami nikajifanya sikuona. Mlango wa jikoni nimeutengeneza mwenyewe. Sasa unafunga vizuri ila haufunguki.

Sasa tuje darasani. Umenifurahisha. Miaka minane nimestaafu na hakuna aliyeniuliza habari ya "he" tangu siku waliyonipa saa ya ukutani na kunipigia makofi. Wanafunzi wangu waliniita Bwana Koma wakidhani sisikii, na wakati huo nilikuwa nasikia kwa masikio yote mawili.

Andika hivi: "The barber told the driver that he had lost his comb." Kinyozi alimwambia dereva kwamba amepoteza kitana chake. Nani amepoteza? Kitana cha nani? Hakuna sheria ya aliyetajwa kwanza wala ya aliye karibu, mpwa wangu. Kuna wasomaji tu, na kila msomaji atamchagua anayemtaka. "He" ya namna hiyo ni kama bahasha isiyo na jina la anayeandikiwa: yeyote nyumbani anaweza kuifungua. Ni kosa. Nilikuwa nalipigia mstari hata likiandikwa na mtoto wa mkuu wa shule.

Dawa zake si nyingi. Rudia jina: sema kinyozi, halafu sema tena kinyozi, watu watakuona huna mapambo lakini watakuelewa. Au ikate sentensi vipande viwili. Au chukua maneno ya mtu kama alivyoyasema, uyafunge kwa alama za kunukuu: kinyozi alisema, "Nimepoteza kitana changu." Hapo shaka imekwisha. Na kama mmoja wao ni mwanamke, Kiingereza kinakusaidia bure, maana "she" na "he" zinajitenga zenyewe. Sisi "alikipoteza" yetu inawafunika wote kwa blanketi moja, mke na mume. Wao wakisema "she", umemjua.

Huyo msimamizi wako mwambie kwamba wasomaji hawaelewi wenyewe. Nimefundisha miaka thelathini na moja na sijawahi kumwona hata mmoja.

Lakini fundi gani? Ameumia wapi? Umekwenda kumwona?

Mjomba wako,
Bwana Koma


8 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi Mama anatembea. Mwambie viatu vyake nitamtumia mwisho wa mwezi, vya kamba, asiseme havivaliki. Hapa joto limezidi, na ofisini wamefunga madirisha kwa sababu vumbi la unga wa sabuni linapanda juu. Tunapiga chafya siku nzima.

Sentensi zako nimezinakili kwenye karatasi nikaibandika ndani ya droo. Kwanza niliibandika ukutani, Dakika Moja akaiona, akauliza kinyozi ni nani.

Umeniuliza habari za fundi. Kiwandani kuna pipa kubwa la kukorogea, refu kuliko chumba changu, na ndani yake kuna mapanga ya chuma yanayozunguka. Fundi akitaka kuingia kulisafisha, anazima swichi iliyo ukutani, kisha anatundika kibao chake pale pale kwenye swichi. Kila mtu ana kibao chake cha bati chenye namba. Cha huyu fundi ni kumi na nne. Kibao kikiwa kimening'inia, swichi haiguswi hata na mkurugenzi, na anayeruhusiwa kukitoa ni mwenyewe tu, akishatoka. Vibao hivyo hivyo ndivyo vya mahudhurio: asubuhi unakichukua ubaoni, zamu ikiisha unakirudisha.

Siku ile, saa saba mchana, zamu zikipishana, kibao kilitolewa. Fundi alikuwa bado ndani. Msimamizi akaona swichi haina kitu, akawasha. Mguu umekatwa juu ya goti.

Sentensi anayoitaka Dakika Moja iko hivi: "The supervisor spoke to the fitter, and later he removed his tag." Msimamizi alizungumza na fundi, na baadaye akakitoa kibao chake. Wewe ukiisoma unasema ni kosa. Mtu wa makao makuu akiisoma atasema fundi alikitoa mwenyewe kibao chake, kisha akarudi ndani bila kukitundika. Ikiwa hivyo, kosa ni la fundi, na kampuni haina lake. Hakuna matibabu zaidi, hakuna mguu wa bandia, hakuna fidia, na hakuna kiwanda kitakachomchukua fundi aliyepuuza kibao chake hata angekuwa na miguu mitatu. Ana mke na watoto wawili wa shule.

Sasa nimefikiria njia nyingine. Vipi nikiandika "the tag was removed"? Kibao kilitolewa. Hapo simsingizii mtu. Kiingereza si kinaruhusu?

Naogopa, Mjomba. Ni afadhali nikuambie. Nikisikia viatu vya Dakika Moja kwenye ngazi, viganja vinalowa jasho mpaka karatasi inashika alama za vidole. Na hajanigombeza hata siku moja. Ananiuliza kama nimekula. Jana alinifungulia mlango, akasema, "Mimi na wewe tunaelewana." Upole huo sikuwahi kuuona kwake, na usiku silali vizuri.

Mpwa wako


27 Machi

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Mama yako anakusalimu.

Barua yako ilifika siku kumi zilizopita nami nimekaa nayo. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi, kwa mazoea.

Ndiyo, Kiingereza kinaruhusu. Watu wakubwa wanaandika hivyo kila siku. Lakini mimi nilikuwa nawauliza wanafunzi, na leo nakuuliza wewe. Katika barua yako fundi anaingia, fundi anazima, fundi anatundika, msimamizi anaona, msimamizi anawasha. Kila kitendo kina mwenyewe. Kimoja tu hakina.

Tena nilikuandikia habari ya "she", hukuigusa. Nilikuuliza kama umekwenda kumwona mgonjwa, hukujibu.

Kibao alikitoa nani?

Mjomba wako


9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mvua imerudi, na dari nalo limekumbuka kazi yake. Nimeweka ndoo. Viatu vya Mama nimevituma, niambie kama vimefika na kama vinamtosha.

Kiti kipya ni kizuri, mgongo hauumi tena. Muhtasari umesogezwa mbele, sasa unatakiwa tarehe 18 Mei. Ni Jumatatu. Mkaguzi wa makao makuu anakuja mwenyewe kuupokea.

Swali lako limefika. Nakuomba usiniulize tena.

Mpwa wako


22 Aprili

Mpwa wangu,

Viatu vimefika, vinamtosha, na amevivaa ndani ya nyumba siku nzima akisema anavizoesha. Nimekaa naye hapa akiwa amevivaa, nikamtazama, nikashindwa kula.

Sitakuuliza tena kwa sababu nimeshajua. Ulipokuwa na miaka saba ulikuja kukaa kwangu likizo. Kila jioni ulikuwa unapita sebuleni unakusanya viatu vya watu na kuvipanga mlangoni. Wageni walikuwa hawajaaga, wewe umeshawapangia. Siku moja mgeni alitoka peku kwenda chooni kwa sababu viatu vyake ulikuwa umevichukua akiwa amekaa hapo hapo. Tulicheka sana. Wewe ni mtu wa kukusanya vitu ili hesabu yako itimie. Na saa saba, zamu zikipishana, karani wa mahudhurio anataka vibao vyote virudi ubaoni.

Kama nimekosea, nitukane kwa barua ijayo na nitafurahi.

Kama sijakosea, nisikilize. Iache "he". Usirudie jina, usikate sentensi, usiweke alama za kunukuu. Iache kama anavyoitaka yule bwana. Yale yote niliyokufundisha yalikuwa ya kinyozi na dereva, watu ambao hawapo. Wewe upo. Nimeuliza kwa mbali, bila kukutaja, kwa mtu anayejua sheria. Aliposikia mguu umekatwa, alisema mambo ya polisi, akasema jela, kwa sauti ile ile ambayo mtu anaulizia bei ya mchele. Nilitoka pale nikapita nyumba yetu bila kuiona.

Fundi atasaidiwa na ndugu zake. Watu wanasaidiwa. Mama yako anakuuliza kila siku, na mimi kila siku namwambia umeandika unasalimia. Siwezi kumwambia jingine. Kifua chake hakiwezi.

Barua zako nimezichoma, hata ile ya kwanza ya "he". Na wewe chana hizi zangu. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na ninajua ninachokuomba ni kibaya.

Andika "he", mwanangu. Andika uondoke hapo.

Mjomba wako


14 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama mmeamka salama. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikutii. Niliandika "he". Dakika Moja aliusoma muhtasari, akatabasamu, akapiga mhuri, akasema limebaki jambo dogo la dakika moja.

Jambo dogo lenyewe ni kwamba familia ya aliyeumia lazima isomewe muhtasari kwa lugha wanayoijua, kisha waweke sahihi kwamba wameelewa. Na msomaji ni mfasiri.

Juzi Jumanne asubuhi mke wa fundi akaja. Ni mshonaji, ana alama za sindano vidoleni. Alikaa kwenye kile kiti changu cha zamani, mimi nikiwa kwenye hiki cha magurudumu, meza katikati. Dakika Moja akatufungia mlango, akasema atakuwa nje.

"Soma," akasema yule mke.

Nikasoma. Nilipofika kwenye ile sentensi nikaipitia haraka: msimamizi alizungumza na fundi, na baadaye akakitoa kibao chake.

"Nani alikitoa?"

"Imeandikwa hivyo, dada."

"Nimesikia ilivyoandikwa. Nakuuliza alikitoa nani."

Mjomba, unajua nilifanya nini? Nilimfundisha. Nilimweleza habari ya "he", kwamba kwa Kiingereza inaweza kumwendea wa kwanza au wa pili, kwamba wasomaji hutofautiana. Nilitoa mpaka mfano wa kinyozi. Mwanamke ambaye mume wake amekatwa mguu nilimweleza habari za kitana. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Na wewe, siku hiyo ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Nilikuwa napita na kopo."

"Kopo la nini?"

"La kukusanyia vibao. Kibao chake nilikitoa mimi."

Akasema, "Najua."

Mume wake alimwambia siku ya kwanza alipoamka hospitalini. Alikuwa ndani ya pipa, akasikia vibao vikigongana kwenye kopo langu, akajua ni mimi ninapita. Akapiga ukuta wa pipa kwa spana. Mashine nyingine zilikuwa zinanguruma, sikusikia. Halafu walipokuja kuchukua maelezo yake alisema hajui ni nani. Nimeyatafsiri mwenyewe maneno hayo, "kibao kilitolewa, sijui na nani", nikamshukuru Mungu kwamba hakuniona. Mke wake alimuuliza kwa nini anaficha. Akamjibu kwamba yule karani ana mama mgonjwa, humsikia akimzungumzia kwenye foleni ya asubuhi.

"Yeye ana moyo huo," mke akasema. "Mimi sina. Mimi nimekuja nikuangalie usoni ukinisomea." Akainuka. Karatasi hakuitia sahihi. Hakuubamiza mlango. Ningependa angeubamiza.

Wewe umenijua kwa viatu vya wageni, lakini sijawahi kukiri, basi acha niseme. Kwa miaka miwili nimekuwa nikipita na kopo saa saba nakusanya vibao. Sheria hairuhusu. Lakini mafundi wakiwa na haraka ya kuondoka wanavisahau kwenye swichi, na daftari langu halikubali. Nilianza kwa kibao kimoja cha mtu aliyeshakwenda nyumbani. Ikawa desturi. Mafundi wakanishukuru, Dakika Moja akanisifu mbele ya watu kwamba nimewaokolea robo saa kila siku. Mwanzoni nilikuwa nachungulia kwanza ndani ya pipa na kuita. Baadaye nikawa naita tu. Baadaye hata kuita nikaacha. Siku ile nilikuwa nafikiria vile viatu vya kamba nilivyoviona dukani, kama vitamtosha Mama.

Nilipomaliza kazi Jumanne nilikwenda mpaka lango la hospitali, nikasimama, nikarudi. Sijaweza kuingia. Hilo nalo ujue.

Jana nimeandika muhtasari mpya. Sikuupeleka kwa Dakika Moja. Nitampa mkaguzi mkononi Jumatatu. Nimetumia dawa yako ya kwanza, ya kurudia. "I removed tag number fourteen. I did not look inside. I did not call." Nilikitoa mimi, sikuchungulia, sikuita. Kisha nimeandika kwamba msimamizi alijua kuwa nakusanya vibao na aliwasha bila kuita, na hapo nimeandika "the supervisor" mara tatu mfululizo, sina mapambo kama ulivyosema. Na kwamba fundi hakukosea lolote, alitundika kibao chake kama inavyotakiwa.

Usinisahihishie. Na usinikataze, maana barua yako haitawahi kufika.

Dakika Moja anahisi kitu. Tangu jana haniulizi kama nimekula. Leo alikuja akakizungusha kiti changu taratibu nikiwa nimekikalia, mpaka nikamtazama, akasema, "Wewe na mimi tumo humo humo." Kisha akakirudisha kilivyokuwa. Nahesabu siku: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Najikaza kisabuni, kama tunavyotaniana hapa kiwandani, lakini ndani nimeisha. Ninaogopa polisi, ninamwogopa huyu bwana, na zaidi ya wote ninamwogopa yule dada mshonaji, ambaye hajanifanya kitu.

Nikikosekana, Mama mwambie wewe. Usimwambie kwamba kibao kilitolewa.

Mpwa wako


29 Mei

Mwanangu,

Sijui barua hii itafunguliwa na mkono wa nani. Jumatatu yako ilipita siku kumi na moja zilizopita. Nimekwenda posta kila siku mpaka yule wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika. Nimepiga simu ofisini kwenu, mimi na sikio langu. Mwanamume akapokea. Nikamuulizia karani wa mahudhurio. Akasema, "Karani yupi? Dakika moja." Nikasubiri, nikasikia viatu vikienda, kisha mlango, kisha simu ikakatika. Nimepiga tena mara tano, haipokelewi.

Nimekata tiketi ya basi la kesho asubuhi. Haya nayaandika endapo tutapishana njiani, wewe unakuja huku nami nakwenda huko. Naomba Mungu iwe hivyo. Ile barua yangu ya Aprili kama hukuichana, ichane sasa. Sitaki ibaki mahali popote duniani.

Yako ya mwisho sikuichoma. Jana nilimsomea mama yako yote, neno kwa neno, pamoja na ulichosema kuhusu viatu. Nilikuwa nimemwekea dawa karibu na maji. Hakuyagusa. Nikadhani hajaelewa, nikaanza kumweleza upya, akaninyamazisha kwa mkono.

Akauliza, "Amekatwa mguu upi?"

Nikapekua karatasi za barua hiyo, nikazikumbuka na zile nilizochoma. Hakuna mahali umeandika. Na mimi kwa miezi minne sikuuliza. Nilikuwa na kazi ya kuuliza "he" ni nani.

Nikamwambia kesho nikifika nitakwenda moja kwa moja kiwandani, kisha polisi, nikutafute mpaka nikupate. Akasema hapana. Anataka niende kwanza hospitalini kwa yule fundi, nikae naye, nimwambie nimetumwa na mama wa karani. Wewe ni wa pili. Nilibishana naye, nikamwambia wewe ndiye binti yake wa pekee. Akasema anajua idadi ya watoto wake, akavua vile viatu akaviweka kando.

Nimemwahidi nitafanya alivyosema.

Mjomba wako